Nairobi hadi New York: Njia Moja, Muda Usiolingana

Usiku wa Oktoba 28, 2018, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 787-8 iliondoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ikaelekea New York bila kutua popote njiani. Ilikuwa safari ya kwanza ya namna hiyo kati ya Kenya na Marekani. Ratiba iliyotangazwa ilieleza kwamba kwenda kungechukua saa 15 na kurudi kama saa 14. Tangu hapo kuna swali ambalo wasafiri wapya hawaachi kuliuliza: kama viwanja ni vile vile na ndege ni ile ile, hiyo saa moja inapotelea wapi?

Jibu lake ni refu kuliko swali. Umbali kati ya Nairobi na New York haubadiliki. Ulikuwa huo kabla ndege hazijabuniwa na utabaki huo. Muda wa kuuvuka ndio unaobadilika, na kinachoupanga si kilomita peke yake. Upepo una sehemu yake, serikali zenye mamlaka juu ya anga zina sehemu yao, mwinuko wa uwanja unadai haki yake, na foleni za ardhini hula zaidi ya watu wanavyokiri. Mtu akiandika majina ya miji miwili kwenye simu akapewa kilomita na saa, amepewa jambo moja la hakika na jingine la kukisia, tena bila kuambiwa lipi ni lipi.

Tuanze na la hakika. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy ni takriban kilomita 11,840. Mzunguko wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, kwa hiyo safari hii inakula karibu asilimia 30 ya mzunguko mzima. Hakuna miji miwili duniani iliyotengana kwa zaidi ya kilomita 20,000 hivi, kwa sababu ukishapita nusu ya dunia unaanza kukaribia kwa upande wa pili. Safari ndefu kuliko zote za ratiba zisizotua njiani ni ile ya Singapore Airlines kati ya Singapore na huo huo uwanja wa Kennedy: zaidi ya kilomita 15,300, kwa muda unaokaribia saa 19. Safari ya Nairobi haifikii hapo, lakini iko katika kundi la safari ambazo ndege chache tu ndizo zinazoziweza.

Umbali huo unapimwaje? Wengi wetu tulijifunza jiografia kwa ramani ya ukutani, na ramani hiyo inatuaminisha kwamba kutoka Nairobi hadi New York ni kukata magharibi juu ya Congo, kupitia Afrika Magharibi, kisha kuvuka bahari, ukipanda kaskazini kidogo kidogo. Ukichukua rula ukaunganisha miji hiyo miwili, ndivyo mstari utakavyokuonyesha. Lakini ramani ni karatasi bapa na dunia ni tufe. Mtindo wa kuchora ramani unaotumika sana hadi leo ulitolewa na Gerardus Mercator mwaka 1569 ili kuwasaidia mabaharia kushika mwelekeo mmoja wa dira, nao hulipia faida hiyo kwa kuzitanua nchi za kaskazini na kuupotosha umbali. Chukua tufe la darasani, weka ncha moja ya uzi Nairobi na nyingine New York, kisha uvute uzi mpaka ukaze. Uzi utakuonyesha kitu tofauti kabisa na rula.

Uzi huo unatoka Nairobi kwa kuelekea kaskazini-magharibi. Unapita juu ya Uganda, unaingia Sudan Kusini, unakata pembe ya Darfur, unapita Chad na kona ya Niger, kisha unavuka jangwa la Algeria kwa urefu wake. Congo haiguswi hata kidogo. Uzi unatokea baharini kwenye pwani ya Morocco, unapanda hadi latitudo ya 42 kaskazini na ushei, kusini mwa kisiwa cha Newfoundland cha Canada, halafu unateremka kuingia New York kwa upande wa kaskazini-mashariki. Yaani ndege inayokwenda magharibi inapanda kaskazini kuliko mji inaoutafuta, kisha inarudi chini. Abiria anayetazama skrini iliyo mbele ya kiti chake huona ndege ikichora upinde na kudhani inazunguka. Haizunguki. Ule upinde ndio mstari ulionyooka, na mstari wa rula ndio mzunguko.

Nakaa hapa kwa makusudi, kwa sababu kosa la ramani bapa ndilo linalowafanya watu wanunue tiketi mbaya, na nitalirudia suala hilo nikifika kwa anayekwenda Seattle.

Mstari mfupi ni haki ya hesabu. Kuufuata ni ruhusa ya serikali. Kila nchi ina mamlaka juu ya anga lake, hutoza ada kwa ndege zinazopita, na inaweza kulifunga. Vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, anga la Sudan lilifungwa kwa ndege za abiria. Agosti mwaka huo huo, baada ya mapinduzi ya kijeshi, Niger ililifunga la kwake kwa takriban mwezi mmoja. Yatazame mataifa hayo mawili kwenye tufe: yako hasa pale uzi wetu unapopita. Sahara na Sahel ni lango la Afrika Mashariki kwenda Ulaya na Marekani, na lango hilo likibanwa, ndege kutoka Nairobi, Entebbe, Kigali au Dar es Salaam hulazimika kukunja njia. Kila mkunjo ni mafuta zaidi na dakika zaidi, na abiria hawezi kuuona kwenye tiketi yake.

Mambo hayo si mapya. Shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipoanzisha huduma ya London hadi Mwanza Februari 1931, ikipitia Cairo, Khartoum na Kisumu, abiria wa miaka hiyo walilazimika kusafiri sehemu ya njia ya Ulaya kwa treni, kwa kuwa Italia haikuruhusu ndege hizo zipite juu ya ardhi yake kwa uhuru. Mwaka uliofuata huduma ilifika Cape Town, na safari nzima kutoka London ilichukua siku kama 11. Ndege ililala wakati abiria walipolala. Ilitua kila baada ya saa chache, ikajaza mafuta, ikasubiri kukuche.

Ukiifuatilia historia hiyo kuanzia siku 11 hadi saa 15, utagundua jambo ambalo halisemwi vya kutosha: muda haukupunguzwa na kasi tu, ulipunguzwa zaidi na kufutwa kwa vituo vya njiani. Mei 2, 1952, ndege ya Comet ilianza safari ya kwanza ya abiria kwa injini za jeti, kutoka London hadi Johannesburg. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na ikafika kwa saa zisizozidi 24. Vituo vitano. Mwaka 1958 Boeing 707 ikaingia kazini, na kasi yake angani haikuwa na tofauti kubwa na ya ndege tunazopanda leo. Ndiyo, kwa zaidi ya miaka 60 ndege za abiria hazijaongeza kasi ya maana. Concorde, iliyopita kasi ya sauti, iliacha kuruka mwaka 2003 na hakuna iliyochukua nafasi yake. Kilichobadilika ni kwamba injini za sasa hunywa mafuta kidogo, kwa hiyo ndege hubaki angani muda mrefu bila kulazimika kushuka.

Septemba 1959, wanafunzi 81 waliochaguliwa katika mpango ulioongozwa na mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya, walisafiri kwa ndege ya kukodi kutoka Nairobi hadi New York kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani. Zikapita karibu miaka 60 kabla mjukuu wa mmoja wao kuweza kukata tiketi ya kufuata njia hiyo bila kushuka popote. Kilichokosekana hakikuwa ndege pekee. Mamlaka ya anga ya Marekani ilikuwa bado haijaipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa usafiri wa anga, na bila daraja hilo shirika la nchi haliruhusiwi kuanzisha safari zake za kwenda huko. Kenya ililipata Februari 2017. Kumbe sehemu ya muda wa safari hii ilipunguzwa na wakaguzi wenye makabrasha, na wachache huwakumbuka wanapohesabu saa.

Sasa hesabu yenyewe. Boeing 787 hutembea kwa takriban kilomita 900 kwa saa katika hewa iliyotulia. Gawanya 11,840 kwa 900, utapata saa 13 na dakika 10 hivi. Ongeza muda wa kupanda na kushuka, ambapo ndege haijafikia kasi yake. Ongeza mkunjo wa njia. Ongeza dakika za kutembea ardhini kutoka getini hadi mwanzo wa njia ya kurukia, na za upande wa pili, maana muda unaoandikwa kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoachia geti hadi inaposimama kwenye geti jingine. Uwanja wa Kennedy una msongamano, na ndege zinaweza kupanga foleni ndefu kabla ya kuruka. Mashirika hujua hayo, kwa hiyo hujiwekea akiba ndani ya ratiba. Ndiyo sababu rubani huweza kutangaza kwamba mmefika mapema ingawa mliondoka mmechelewa.

Hata hivyo, hayo yote hayaelezi tofauti ya kwenda na kurudi. Hiyo ni kazi ya upepo.

Wapwani hawahitaji kufundishwa hili. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman, ya Uajemi na ya Bara Hindi yalishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar, yakangoja miezi mpaka kusi iyarudishe. Umbali wa Muscat hadi Zanzibar haukuwa swali. Swali lilikuwa umefika mwezi gani. Ndege ina injini, haingoji msimu, lakini bado inasafiri ndani ya hewa inayotembea. Kilomita 9 hadi 12 juu ya ardhi kuna mikondo ya upepo mkali inayokwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Oishi, ndiye aliyeipima kwa maputo katika miaka ya 1920, akaandika matokeo yake kwa Kiesperanto, lugha ambayo wachache waliisoma. Ugunduzi wake haukuwafikia wengi mpaka marubani wa Vita vya Pili vya Dunia walipokutana na upepo huo wenyewe.

Mikondo hiyo huweza kupita kilomita 200 kwa saa, na wakati wa majira ya baridi ya kaskazini huwa na nguvu zaidi. Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, ikasukumwa hadi kasi ya zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa ukiipima kwa ardhi iliyo chini yake. Injini hazikufanya jambo la ajabu. Hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikikimbia, na ndege ilikuwa ndani yake. Waliokuwa wakienda upande wa pili siku hiyo waliulipa upepo huo huo kwa mafuta na saa.

Kwa safari ya Nairobi, sehemu ya kwanza iko karibu na ikweta ambako upepo wa juu si mkali sana. Mapambano huanza juu ya Sahara na hasa juu ya Atlantiki. Ukienda magharibi unaukabili, ukirudi unakusindikiza. Hapo ndipo saa yetu iliyopotea ilipo. Na kwa sababu upepo haufanani siku mbili mfululizo, wapangaji wa safari hawafuati uzi wa tufe kama msahafu. Huangalia utabiri, kisha wakachagua njia inayotumia muda mfupi, hata ikiwa ndefu kwa kilomita mia kadhaa. Kati ya Ulaya na Marekani njia hizo hupangwa upya kila siku. Njia fupi na njia ya haraka ni vitu viwili, na abiria akiona leo ndege imepita tofauti na wiki iliyopita asidhani kuna hitilafu.

Kuna maelezo mengine yanayopendwa sana vijiweni, kwamba kwa kuwa dunia inazunguka kuelekea mashariki, ndege inayokwenda magharibi ingepaswa kuwahi, maana New York inaifuata. Pale kwenye ikweta ardhi inazunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, hivyo kama hoja hiyo ingekuwa kweli, ndege ingepaa tu na kungoja. Si kweli, kwa sababu hewa inazunguka pamoja na ardhi, na ndege ilikuwa ikizunguka nayo hata kabla ya kuruka. Anayetembea ndani ya kivuko cha Likoni hafiki ubavu wa pili wa chombo mapema kwa sababu chombo kinasogea. Mzunguko wa dunia una mchango, lakini si huo: ndio unaoipinda mikondo ya hewa mpaka ikawa inavuma kutoka magharibi. Unaongeza muda wa anayekwenda New York badala ya kuupunguza.

Bado kuna uwanja wenyewe. Nairobi iko juu, uwanja wake ukiwa mita 1,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi. Mabawa hupata nguvu ndogo ya kunyanyua na injini husukuma kwa shida. Ndege ya 787-8 iliyojazwa sawasawa hufikia uzito wa karibu tani 228, na sehemu kubwa ya uzito huo ni mafuta, maana tangi zake huchukua zaidi ya lita 120,000. Njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita nne, na kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunasaidia. Tena mafuta hayo hayawekwi kwa safari tu. Sheria inataka ndege ibebe akiba ya kukabili mabadiliko ya njiani, ya kuhamia uwanja mwingine pale pa kutua pakikosekana, na dakika 30 zaidi juu ya hayo. Safari ikiwa ndefu, sehemu ya mafuta huchomwa kwa kazi ya kuyabeba mafuta mengine.

Anayetaka kuona nguvu ya mwinuko aitazame Addis Ababa. Kutoka huko hadi Washington ni takriban kilomita 11,560, pungufu ya umbali wetu. Lakini uwanja wa Addis uko mita 2,300 na zaidi juu ya bahari. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopian Airlines za kwenda Washington zimekuwa zikitua njiani kujaza mafuta, mara Rome, mara Dublin, mara Lomé, huku zikirudi Addis moja kwa moja. Mji ulio karibu zaidi ukawa mbali zaidi kwa saa. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa kuonyesha kwamba kilomita peke yake hazitoshi kujibu swali la umbali.

Halafu kuna saa za ukutani, zinazokuja kuvuruga hesabu. Katika ratiba ya mwanzo, ndege iliondoka Nairobi saa 5:25 usiku na kufika New York saa 12:25 asubuhi. Ukitoa kwa vidole unapata saa saba. Kurudi, iliondoka saa 6:25 mchana na kufika Nairobi saa 4:55 asubuhi ya siku iliyofuata; hapo unapata saa 22 na nusu. Hakuna safari ya saa saba wala ya saa 22 na nusu. Kilichoingia katikati ni tofauti ya majira: Nairobi iko mbele ya New York kwa saa nane wakati wa baridi na saa saba wakati wa kiangazi chao. Afrika Mashariki haisogezi saa zake, lakini Marekani huzisogeza Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Aliye Bujumbura, Kigali au Goma apunguze saa moja katika hesabu hiyo.

Kuna njia nyepesi ya kuujua muda wa kweli bila kujua majira ya nchi yoyote. Chukua saa za kwenda kama zinavyoonekana kwenye tiketi, ongeza saa za kurudi kama zinavyoonekana, kisha gawanya kwa mbili. Saba na 22 na nusu ni 29 na nusu; nusu yake ni saa 14 na dakika 45, na huo ndio wastani wa safari moja. Tofauti ya majira hujifuta yenyewe, kwa sababu unachokopeshwa ukienda unalipa ukirudi. Mwili haufutiki hivyo. Kwa watu wengi, kuvuka kanda za saa kuelekea mashariki huchosha zaidi kuliko kuelekea magharibi, kwa hiyo safari fupi ya kurudi nyumbani ndiyo yenye usingizi mgumu zaidi.

Nimezungumza mpaka sasa kana kwamba kila mtu anaishi getini. Msafiri wa kweli anatoka Eldoret, Arusha, Mombasa au Bukavu, na anakwenda Lowell, Minneapolis, Dallas au Seattle. Kwake New York ni kituo kama vituo vingine, na swali lililo muhimu ni apitie wapi.

Anayekwenda New York yenyewe ana hesabu rahisi. Kupitia Amsterdam ni takriban kilomita 12,520, kupitia London kama 12,380, kupitia Dubai 14,560. Ulaya inaongeza kilomita mia tano hadi mia saba tu, chini ya saa moja ya kuruka. Kinachoongeza muda ni kushuka, kukaguliwa upya, kungoja na kupanda tena, ambapo saa mbili hadi nne hupita kama hakuna kilichoharibika. Safari ya saa 15 inakuwa ya saa 18 hadi 20 hivi. Dubai inaongeza kilomita 2,700 za kweli, na kusubiri juu yake. Wengi huichagua kwa sababu ya bei, na hiyo ni sababu ya haki, lakini waichague wakijua kwamba wanabadilisha fedha kwa muda.

Sasa Seattle, ambako wako Wakenya na Watanzania wengi. Kwenye ramani ya ukutani, kufika pwani ya magharibi ya Marekani ni lazima uivuke Marekani, na kwa hiyo New York inaonekana kuwa njiani. Rudi kwenye tufe na uzi. Kutoka Nairobi hadi Seattle uzi unapanda karibu na kaskazini kabisa, unapita Ulaya, unavuka Greenland na kushukia Canada. Umbali wake ni takriban kilomita 14,500. Kupitia Amsterdam ni kilomita 14,500 na kidogo: mji huo uko karibu kabisa na mstari, na kutua hapo hakukuongezei umbali wa maana. Kupitia New York ni kilomita 15,700. La kushangaza zaidi, kupitia Dubai ni kama 15,500, kwa sababu mstari mfupi kutoka Dubai hadi Seattle hupita karibu na Ncha ya Kaskazini. Anayekwenda mashariki kwanza anafika kwa kilomita chache kuliko anayekwenda "moja kwa moja" Marekani. Kwa Minneapolis, Amsterdam na New York zinakaribiana sana, na hapo bei na muda wa kusubiri ndivyo viamue.

Na kuna jambo la ardhini linaloizidishia New York uzito. Marekani humhoji msafiri kwenye uwanja wa kwanza anaotua nchini humo. Anayeingilia Kennedy, hata kama anakwenda Seattle, atapanga foleni ya uhamiaji hapo, atachukua mizigo yake, atapita forodha, ataikabidhi mizigo upya, kisha atakaguliwa tena kama abiria wa ndani. Anayeunganisha Amsterdam au Dubai hufanya hayo akishafika anakokwenda, na foleni ikichelewa hakuna ndege inayomwacha. Kinyume chake, anayepitia Ulaya achunguze mapema kama pasipoti yake inadai viza ya kupita uwanjani. Masharti hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kati ya Mkenya na Mkongomani.

Hukumu yangu ni hii. Ndege isiyotua njiani inastahili bei ya ziada kwa mtu ambaye safari yake inaanzia Nairobi na kuishia New York, New Jersey, Boston au miji iliyo jirani, na zaidi sana kwa mgonjwa, mzee, au mama mwenye mtoto mchanga, ambao kila kushuka na kupanda ni mzigo. Kwa wengine faida hiyo hupungua kila wanapoongeza ndege nyingine mbele au nyuma yake. Basi kabla ya kulipa, usiulize ndege inachukua saa ngapi. Hesabu tangu unapofunga mlango wa kwako hadi unapogonga mlango wa mwenyeji, uandike saa za kusubiri kando ya saa za kuruka, na uhakikishe safari nzima iko kwenye tiketi moja, ili ukichelewa njiani shirika liwe na wajibu wa kukufikisha. Umtumie anayekupokea tarehe ya kufika kwa majira ya kwake, si tarehe ya kuondoka kwa majira yako. Na wewe unayekwenda Seattle, usipitie New York kwa sababu tu iko Marekani.